Umewekewa vyuma kwenye taya: mwongozo kamili kuanzia siku ya ajali hadi kutafuna tena

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu taya lililovunjika karibu wote wana kisa kinachofanana. Bodaboda imegongana na gari, au mtu kapigwa ngumi, au kaanguka. Kafika hospitali, kafanyiwa upasuaji, kawekewa vyuma, karudi nyumbani. Wiki ya pili maumivu yamekwisha na uvimbe umeshuka, anajiona mzima, anakula mishikaki. Wiki ya tatu au ya nne fizi inatoa usaha, meno hayakutani tena, na anaandikiwa upasuaji wa pili.

Kinachowaponza ni imani moja: kwamba chuma kikishawekwa, taya limekuwa imara. Chuma hakiungi mfupa. Kile kipande cha titani kina unene wa takriban milimita 1, na skrubu zake upana wa milimita 2. Kazi yake ni kama ya mti unaoegemezwa mgomba wenye mkungu: unauzuia usilale, basi. Mfupa ndio unaojiunga wenyewe, kwa muda wa wiki 6 hivi kwa mtu mzima, na wiki hizo unazikaa nyumbani kwako, si wodini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya nyumbani.

Nimeuandika kwa mtu mzima aliyevunjika taya la chini, na mwishoni nimewagusa waliovunjika shavu. Vipandikizi vya silikoni vinavyowekwa kwa ajili ya urembo ni mada nyingine. Maagizo ya daktari wako yakitofautiana na haya, shika ya daktari wako, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuona mfupa wako.

## Vitu vya kuandaa kabla mgonjwa hajatoka hospitali

- Mswaki wa mtoto wenye nywele laini. Wa mtu mzima hautapita kati ya shavu na meno.
- Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, ya asilimia 0.12 au 0.2. Inapatikana maduka ya dawa.
- Chumvi ya kawaida.
- Blenda na chujio la matundu madogo.
- Mabomba mawili ya sindano ya mililita 50 au 60, bila sindano zenyewe, na kipande cha mpira laini cha kuchomeka mbele.
- Mkasi wa kukatia waya, kama daktari amesema taya litafungwa. Uombe hospitali au ununue duka la vifaa, kisha ujaribu kwenye kipande cha waya kuona kama unakata kweli.
- Nta ya meno ya kufunika ncha za waya zinazochoma mashavu.
- Barafu na taulo.
- Mito miwili au mitatu.
- Daftari na kalamu, maana siku za mwanzo kuongea kutakuwa kazi.
- Mzani, au ujue pa kujipimia uzito kila wiki.
- Nauli ya kliniki, iwekwe pembeni mapema. Nimeona watu wengi wakikosa kliniki kwa sababu ya nauli kuliko kwa sababu ya uzembe.

## Hatua ya 1: Saa za kwanza baada ya ajali

Anza na pumzi. Ulimi umeshikizwa mbele, kwenye mfupa wa kidevu. Taya likivunjika pande zote mbili, kipande cha mbele hurudi nyuma na ulimi hukifuata, ukaziba koo. Kwa hiyo usimlaze majeruhi chali. Kama ana fahamu na shingo haimuumi, akae ameinamia mbele, damu na mate vitoke vyenyewe. Kama hana fahamu au unahofia shingo, mgeuzeni ubavu watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda sawa.

Jino lililong'oka zima lishikwe upande wa kutafunia, mzizi usiguswe, liwekwe ndani ya maziwa na lipelekwe hospitali. Likirudishwa ndani ya saa moja, lina nafasi nzuri ya kushika. Jino lisiloonekana popote litajwe kwa daktari, kwa sababu huenda limeingia mapafuni na eksirei ya kifua italionyesha.

Utajuaje kwamba taya limevunjika? Dalili ninayoiamini kuliko zote ni hii: ukifunga mdomo, meno hayakutani kama ulivyozoea. Nyingine ni ganzi kwenye mdomo wa chini na kidevu, damu iliyovilia chini ya ulimi, fizi iliyochanika kati ya meno mawili, na mdomo kugoma kufunguka.

Onyo: taya halikandwi. Fundi wa kuunga mifupa anaweza kuwa na sifa kijijini kwa mikono na miguu, lakini taya lina meno, na likiunga likiwa limepinda kidogo tu utaliona kila unapofunga mdomo. Tena uvunjikaji unaopita kwenye meno huwa umefunguka kuelekea kinywani, penye vijidudu tele.

Hospitalini ulizia daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Muhimbili ya Dar es Salaam, Kenyatta ya Nairobi na Mulago ya Kampala wana vitengo vyao, na hospitali za chini hutoa rufaa. Ikiwa kuna kidonda wazi, ulizia pia chanjo ya pepopunda.

Upasuaji wenyewe haulazimiki kufanyika usiku uleule. Siku chache za kusubiri, mgonjwa akiwa kwenye dawa na kinywa kikisafishwa, ni jambo la kawaida. Hatari ni kwenda nyumbani "kusikilizia". Zikipita wiki 2, mfupa huanza kushikana ulivyokaa, na daktari atalazimika kuuvunja upya ili aunyooshe.

Wakati mgonjwa akihudumiwa, ndugu mmoja ashughulikie karatasi ya polisi: PF3 kwa Tanzania, P3 kwa Kenya. Bila hiyo, madai ya bima ya gari au kesi ya shambulio hukwama baadaye.

## Hatua ya 2: Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Fomu ya ridhaa usiisaini kimyakimya. Una haki ya kuuliza, na daktari mzuri hachukii maswali. Andika majibu kwenye daftari:

1. Taya limevunjika sehemu ngapi, na wapi?
2. Nitaamka mdomo ukiwa huru, au umefungwa kwa waya? Kwa wiki ngapi?
3. Atapasua kupitia ndani ya mdomo au nje, chini ya taya?
4. Kuna jino litakalong'olewa?
5. Vyuma na skrubu vimo kwenye gharama ya upasuaji, au familia inanunua kando? Bima yangu inavilipia?

Swali la tano lisisubiri asubuhi ya upasuaji. Kuna wagonjwa wanaoahirishwa wakiwa tayari wamefunga kula, kwa sababu vyuma havijalipiwa.

Mwambie daktari wa usingizi kila kitu: pumu, presha, kisukari, selimundu, ujauzito, mzio, dawa za kila siku zikiwemo ARV, na dawa za miti shamba. Kabla ya nusukaputi, chakula kikomee angalau saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla. Sababu ni kwamba chakula kilicho tumboni kinaweza kupanda wakati wa usingizi kikaingia mapafuni.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: peleka picha ya zamani ya mgonjwa akitabasamu, meno yakionekana. Kama meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya au yalikuwa yamejitokeza tangu utotoni, daktari ajue, asije akayalazimisha kukaa mahali ambapo hayajawahi kukaa.

## Hatua ya 3: Kinachofanyika chumba cha upasuaji

Utalazwa usingizi, na mrija wa kupumulia mara nyingi utapitishwa puani badala ya mdomoni, kwa sababu daktari anahitaji kufunga meno yako huku ukiendelea kupumua.

Kwa kawaida anaanza na meno. Anafunga vyuma vyembamba vya upinde juu ya meno ya juu na ya chini kwa waya laini, kisha anayakutanisha meno mpaka yakae kwenye mazoea yake. Baada ya hapo ndipo anapasua fizi, anaupanga mfupa uliovunjika na kuushikiza kwa vyuma vya titani na skrubu. Mpangilio huu una maana kubwa kwako: kipimo cha kazi nzuri ni meno kukutana sawasawa. Sehemu ya kidevu mara nyingi hupata vyuma viwili, kwa sababu hapo mfupa hujipinda na kujinyonga unapotafuna. Pembe ya taya mara nyingi hutosheka na kimoja.

Ukiamka tegemea pua kuwasha na kutoa damu kidogo, koo kukwaruza, midomo kuvimba na kupasuka, mate yenye damu kwa siku moja au mbili, na ganzi kidevuni. Hayo yote ni ya kawaida. Damu mbichi inayojaa mdomo na kukulazimisha kumeza mfululizo si ya kawaida. Mwite muuguzi.

Mafanikio ya hatua hii: meno ya juu na ya chini yanakutana kama zamani, na picha ya baada ya upasuaji inaonyesha mfupa umekaa kwenye mstari.

## Hatua ya 4: Siku tatu za kwanza

Hapa ndipo ndugu wengi wanapoingiwa na hofu. Mgonjwa katoka upasuaji uso ukiwa na nafuu, kesho yake kavimba, keshokutwa haonekani macho. Uvimbe wa upasuaji wa uso hupanda hadi siku ya pili au ya tatu ndipo uanze kushuka. Mwingi huisha ndani ya wiki 2, na mabaki yake yanaweza kuchukua wiki kadhaa zaidi. Usijihukumu sura yako kwenye kioo kabla ya hapo.

Weka barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 20 kwa zamu, kwa saa 48 za kwanza. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, kwani sehemu yenye ganzi inaweza kuungua kwa baridi bila wewe kuhisi. Baada ya siku mbili barafu haina msaada tena, na joto la kitambaa cha maji ya uvuguvugu hulegeza misuli.

Lala umeinua kichwa na mabega kwa mito. Ukilala tambarare, asubuhi uso utakuwa umejaa.

Dawa ya maumivu imezwe kwa saa zake, usingoje maumivu yapande. Antibiotiki uliyoandikiwa imalizwe yote, hata kama siku ya tatu hujisikii kuumwa. Vidonge vikiwa vikubwa, omba vya maji. Usisage kidonge bila kumuuliza mfamasia, maana baadhi vimetengenezwa kuyeyuka polepole na vikisagwa huingia mwilini kwa mkupuo.

## Hatua ya 5: Kinywa kiwe safi kuliko kilivyowahi kuwa

Mshono uko ndani ya mdomo, na chini yake kuna chuma. Chakula kikikaa hapo kikaoza, vijidudu hushuka hadi kwenye skrubu, skrubu hulegea, chuma huanza kucheza, na mfupa hauungi.

Kila baada ya kula, hata kama ni kikombe cha maziwa tu, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja. Siku ya kwanza usisukutue kwa nguvu. Jaza mdomo, inamisha kichwa huku na huku, acha maji yatoke yenyewe.

Kuanzia siku ya pili piga mswaki kwa ule mswaki wa mtoto, asubuhi na usiku, ukipita juu ya vyuma vya upinde na waya bila kuugusa mshono. Ndiyo, utaona damu kidogo. Watu wengi huacha mswaki hapo, na ndiyo hasa fizi inazidi kuvimba na kutoa damu zaidi.

Klorheksidini isukutuliwe mara mbili kwa siku, angalau nusu saa mbali na dawa ya meno, kwa sababu dawa ya meno huipunguzia nguvu. Itaacha rangi ya kahawia kwenye meno. Rangi hiyo husafishwa na daktari wa meno mambo yakiisha, kwa hiyo usiiache dawa kwa ajili yake.

Sigara, shisha, ugoro na miraa viwe mbali kwa wiki zote 6. Moshi hubana mishipa midogo ya damu inayoulisha mfupa, na miraa inakutafunisha kutwa nzima. Pombe nayo huleta kutapika na kuanguka, na ukiichanganya na antibiotiki iitwayo metronidazo unaweza kuugua vibaya.

Mafanikio: kufikia siku ya kumi fizi ni za waridi au za rangi yake ya kawaida, mdomo haunuki, na hakuna ladha ya chumvi au uchungu inayotoka kwenye mshono.

## Hatua ya 6: Chakula, mahali ambapo wengi huanguka

Kanuni ni nyepesi kuisema. Wiki 2 za kwanza, kila kitu kiwe cha kunywa. Wiki ya 3 hadi ya 6, kila kitu kiwe laini kiasi cha kupondwa kwa ulimi. Kama kinahitaji meno, hakiliwi.

Ugumu wake ni njaa. Mtu aliyezoea ugali anaishi kwa uji mweupe na soda, anapungua kilo kwa kilo, nguvu zinaisha, kidonda hakifungi, na siku moja uvumilivu unakatika, anashika mfupa wa nyama. Kwa hiyo usipigane na njaa kwa moyo mgumu. Pigana nayo kwa sufuria.

Uji uwe na kitu ndani. Uji wa ulezi au wa mahindi upikwe kwa maziwa, utiwe vijiko viwili vya siagi ya karanga na kijiko cha mafuta. Yai lipigwe, limiminwe kwenye uji unaochemka huku ukikoroga, kisha uuache uchemke dakika kadhaa zaidi. Usiweke yai bichi kwenye kikombe, maana linaweza kukuletea kuhara ukiwa huna nguvu ya kuhimili.

Supu isiwe maji ya chumvi. Chemsha nyama, kuku au samaki mpaka ilegee kabisa, ondoa mifupa na miiba yote, saga pamoja na viazi na karoti, kisha chuja. Mtori uliosagwa hadi ukalainika kabisa unafaa sana. Maharage, choroko na kunde vilivyoiva vizuri, vikasagwa kwa tui la nazi na kuchujwa, ni chakula kizima. Unga wa dagaa uliosagwa laini na kuchujwa huongeza protini kwa bei ambayo familia nyingi zinaweza kuimudu.

Kati ya milo: maziwa, mtindi au maziwa lala, parachichi lililosagwa na maziwa, juisi ya embe au papai iliyochujwa. Mbegu za pasheni na nyuzi za nanasi huingia kwenye mshono, kwa hiyo chuja mara mbili au ziache.

Kula mara 6 hadi 8 kwa siku, kikombe kimoja kimoja, kwa saa zilizoandikwa. Ukisubiri kusikia njaa umechelewa, kwa sababu chakula cha maji hupita tumboni haraka. Kunywa na maji matupu, na baada ya kila mlo glasi ya maji isafishe mdomo.

Siku za mwanzo usitumie mrija wa kunyonyea, kwani kunyonya kwa nguvu huvuta mshono. Tumia kikombe, au bomba la sindano: weka mpira wake kwenye pembe ya mdomo, ndani ya shavu, na sukuma kidogo kidogo. Uwe umekaa wima. Chakula kiwe vuguvugu, si cha moto, maana mdomo wenye ganzi huungua bila kukuambia.

Mwenye kisukari asiongeze sukari kwenye uji wala kuishi kwa juisi. Msingi wake uwe maziwa, mayai, kunde na karanga, na apime sukari mara nyingi zaidi kuliko kawaida, kwa sababu ikipanda kidonda hakifungi. Ikiwa mwezi wa Ramadhani umekukuta katika wiki hizi, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Kukaa mchana kutwa bila tone huku unakula kwa kuchuja ni kujinyima chakula ambacho mfupa unakisubiri.

Mafanikio: uzito haushuki zaidi ya kilo moja hivi kwa wiki, mkojo ni wa rangi nyepesi, na unaweza kutembea uani bila kizunguzungu. Ukipungua kilo 4 au 5 ndani ya wiki 2, usingoje siku ya kliniki.

## Hatua ya 7: Kama taya limefungwa kwa waya

Wapo wanaofungwa kwa waya au raba baada ya vyuma, na wapo wanaotibiwa kwa waya peke yake, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Hofu yao kubwa ni moja: nikitapika itakuwaje?

Matapishi ya mtu anayekula chakula cha kunywa ni majimaji, na yana njia. Inama mbele haraka, vuta shavu kwa kidole, acha yatoke kati ya meno na shavu, na mapengo ya meno kama yapo. Usilale chali, usiyameze. Vuta pumzi kwa pua. Ukimaliza, suuza.

Mkasi wa waya ni wa pale pumzi inapozibwa kweli. Kabla ya kuondoka hospitali, mwambie daktari au muuguzi akuonyeshe kwenye kioo ni waya zipi za kukata: zile zinazosimama wima, zinazounganisha upinde wa juu na wa chini. Zile zinazozunguka jino moja moja haziguswi. Ndugu anayelala nawe aonyeshwe pia. Mkasi ukae shingoni au mfukoni. Ukiuacha kabatini ni sawa na kutokuwa nao. Ukizikata, nenda hospitali siku hiyohiyo zifungwe upya.

Usizikate kwa sababu ya harusi, msiba au njaa. Nalisema waziwazi kwa kuwa hutokea.

## Hatua ya 8: Kliniki na dalili za kukimbilia hospitali

Nenda kliniki hata kama hujisikii vibaya. Daktari anatazama kitu ambacho wewe huwezi kukiona: kama meno yameanza kuhama nywele moja moja. Katika wiki ya kwanza au ya pili, kuhama kidogo kunaweza kurekebishwa kwa raba ndogo. Wiki ya nane kunarekebishwa kwa msumeno.

Rudi mara moja, bila kusubiri tarehe, ukiona lolote kati ya haya:

- Uvimbe uliokuwa umeshuka unapanda tena baada ya siku ya nne au ya tano.
- Homa, usaha, au ladha mbaya inayorudi kila ukisukutua.
- Meno yanakutana tofauti na yalivyokutana ulipotoka wodini.
- Unasikia mfupa unacheza au "unalia" ukigusa.
- Chuma kinaonekana kupitia fizi.
- Uvimbe chini ya ulimi au shingoni, shida ya kumeza mate, sauti kubadilika. Hii ni dharura ya saa hiyohiyo, kwa sababu uambukizo wa hapo unaweza kuziba njia ya hewa.

Ganzi ya kidevu peke yake haimo kwenye orodha hii. Mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya huchubuka wakati wa kuvunjika, wakati mwingine wakati wa upasuaji pia, na huamka taratibu kwa miezi. Kuwashwa na kuchomachoma kama sindano mara nyingi ni dalili kwamba unaamka. Kwa baadhi ya watu kiasi fulani cha ganzi hubaki. Pembe ya mdomo kushuka kidogo baada ya kupasuliwa kwa nje nako mara nyingi hurudi, ila mwonyeshe daktari.

## Hatua ya 9: Kufungua mdomo na kurudi kutafuna

Daktari akishasema mfupa umeshika, utagundua mdomo haufunguki. Misuli imekakamaa. Hapo ndipo mazoezi yanapoanza, kwa ruhusa yake.

Fungua hadi unapohisi kuvutwa, shikilia sekunde chache, funga. Rudia mara kumi, kwa vipindi vitano au sita kwa siku. Baadaye weka vijiti bapa vya mbao kati ya meno, ukiongeza kimoja kila baada ya siku chache. Kuvutwa kunaruhusiwa, maumivu makali yanayobaki baada ya zoezi hayaruhusiwi. Lengo ni vidole vyako vitatu kuingia vikiwa vimesimama wima, yaani milimita 40 hivi.

Waliovunjika karibu na kiungo, mbele ya sikio, huanzishwa mazoezi mapema zaidi kuliko wengine, na wao wasiyakwepe kabisa. Kiungo kisichochezeshwa kinaweza kuganda na mdomo ukafungwa daima, na watoto ndio walio katika hatari zaidi.

Chakula kiongezwe ugumu ngazi kwa ngazi: wali uliolegea na mchuzi, ndizi za kuchemsha, samaki asiye na miiba, ugali laini, kisha chapati iliyolowekwa. Nyama ngumu, mahindi ya kuchoma, miwa na karanga nzima visubiri hadi karibu miezi 3. Mpira wa miguu, ndondi na kazi za kugongwagongwa navyo vivyo hivyo. Dereva wa bodaboda anaporudi barabarani atafute helmeti inayofunika kidevu, kwani ile ya nusu huliacha taya wazi.

## Waliovunjika shavu au ukingo wa jicho

Mengi ya hapo juu yanakuhusu, pamoja na mambo mawili zaidi. Usipenge kamasi kwa wiki 2 au zaidi, na ukipiga chafya fungua mdomo, maana hewa ya puani inaweza kupenya kwenye mwanya wa mfupa na kulijaza jicho. Na baada ya upasuaji, jicho likianza kuuma sana, likasukumwa nje, au likaanza kuona giza, paza sauti papo hapo. Damu inayovilia nyuma ya jicho inaweza kuliua ndani ya saa chache.

## Vyuma vyenyewe vitakaa mpaka lini?

Kwa mtu mzima kwa kawaida havitolewi. Titani haipati kutu, na mfupa huishikilia. Vinatolewa vikipata uambukizo, skrubu ikilegea, vikitokeza kwenye fizi au vikikusumbua unapovaa meno ya bandia. Kwa watoto wanaokua madaktari wengi hupendelea kuvitoa mfupa ukishaunga.

Kwa kawaida havilii kwenye mashine za uwanja wa ndege. Kipimo cha MRI kinaruhusiwa, lakini mtaje mhudumu kabla hujaingia, na ujue picha ya eneo la taya inaweza kuwa na ukungu.

Omba nakala ya ripoti ya upasuaji na picha zako kabla hujafunga faili, uzipige picha kwa simu. Ukihitaji kung'olewa jino au kuwekewa jino la kupandikiza miaka ijayo, daktari wa meno atahitaji kujua kila skrubu ilipo kabla hajashika kifaa.